Leseni ya Kisoma-Skrini: Haki za Mtumiaji Anapohamia Toleo Jipya

Leseni ya kisoma-skrini ni ruhusa ya kuitumia programu, wala haimpi mnunuzi umiliki wa programu yenyewe. Anayelipia JAWS, programu ya kampuni ya Freedom Scientific ya Marekani inayowasomea wasioona yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, hununua ruhusa yenye masharti, na masharti hayo huyakubali siku programu inapowekwa. Nchini Uganda ruhusa hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 2006, ambayo inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zenye hakimiliki, sawa na vitabu.

Migogoro mingi huzuka wakati wa kuhama, ama kutoka toleo moja kwenda jingine, ama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hiyo mtu asiyeona aliyeko Kampala anaweza kulazimika kubadilisha mashine, mfumo na kisoma-skrini kwa wakati mmoja, na hapo ndipo hugundua alichonunua hasa.

Leseni ya kudumu ya JAWS haina tarehe ya kwisha, lakini imefungwa kwenye toleo. Aliyenunua toleo la mwaka fulani ana haki ya kuendelea kulitumia, ila hana haki ya kupewa toleo linalofuata bure. Kampuni hutoa toleo kubwa jipya karibu kila mwaka, na huuza kando mkataba wa matunzo unaompa mwenye leseni matoleo mawili yajayo. Leseni ya mwaka ni kinyume chake: hupokea masasisho yote muda wake ukiwa hai, na muda ukiisha ruhusa nayo imekwisha. Muuzaji anayesema tu kwamba leseni ni "ya maisha" hajamweleza mnunuzi jambo la msingi. Swali la kuulizwa kabla fedha hazijatoka mkononi ni hili: leseni inafikia toleo gani, na je, mkataba wa matunzo umo ndani ya bei? Jibu linafaa liandikwe kwenye risiti. Kwa mauzo ya mtandaoni, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inamtaka muuzaji ajitambulishe na kueleza bidhaa, bei kamili na masharti kabla ya mnunuzi kukamilisha malipo.

Leseni pia huhesabu mashine. Kila JAWS inapoamilishwa, hujifunga kwenye kompyuta husika, na idadi ya uamilishaji ina kikomo. Kubadilisha diski au kuweka Windows upya kunaweza kula nafasi nyingine. Ndiyo maana kompyuta ya zamani isiuzwe, isigawiwe wala isifutwe kabla ya leseni kuondolewa kwenye mashine hiyo, au kabla ya kampuni au wakala wake kuombwa arejeshe nafasi iliyotumika. Ombi hilo husikilizwa kwa urahisi mwombaji akiwa na namba ya leseni, risiti, na barua pepe iliyosajiliwa. Barua pepe hiyo iwe ya mtumiaji mwenyewe. Fundi akisajili leseni kwa anwani yake, hata kwa nia njema, mwenye leseni atakuwa akimtegemea fundi huyo kila mara anapotaka kusasisha.

Bila leseni halali JAWS hufanya kazi kwa dakika 40, kisha kompyuta lazima iwashwe upya. Njia hiyo imewekwa kwa ajili ya majaribio. Kwa mwanafunzi aliye katikati ya mtihani au karani aliye kazini, dakika ya 41 ni sawa na kuzimiwa kompyuta yote.

Wapo wanaoamini kwamba ulemavu unamruhusu mtu kutumia nakala iliyovunjwa kufuli. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya 2006 inaruhusu kazi kugeuzwa kuwa breli au lugha ya ishara kwa elimu ya watu wenye ulemavu, na Mkataba wa Marrakesh, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 2018, unahusu vitabu na maandishi mengine kuwekwa katika miundo inayosomeka na wasioona. Yote mawili hayagusi programu inayosoma. Kama ilivyopitishwa 2006, sheria iliweka kwa kosa la kukiuka hakimiliki faini isiyozidi vipimo 100 vya fedha, yaani shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili. Bei ya JAWS ni mzigo mzito kwa mshahara wa Uganda, na malalamiko juu ya bei hiyo ni ya haki. Lakini njia halali ipo.

Njia hiyo ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye haoni. Hutolewa bure chini ya leseni huria ya GPL: kila mtu anaweza kuitumia kwenye kompyuta nyingi apendavyo, kuinakili, kumpa mwenzake, na kuisasisha bila malipo. Sauti inayokuja nayo inasoma Kiswahili pia. Fundi anaweza kudai ujira wa kuiweka, ila anayetoza "ada ya mwaka ya leseni ya NVDA" anatoza kitu kisichokuwepo. Sauti za kampuni nyingine zinazoongezwa juu yake, hata hivyo, huweza kuwa na leseni zake za kulipia.

Leseni iliyonunuliwa na mwajiri au chuo ni mali ya taasisi, na anayeondoka huiacha. Upande wa pili, Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Uganda Septemba 2008, unahesabu kuwa ubaguzi kumnyima mtu marekebisho ya kadiri, yaani mabadiliko yanayofaa ili aweze kushiriki sawa na wengine. Ofisi inayohamia mfumo mpya huku ikiuacha muda wa leseni ya kisoma-skrini upite imemnyima mfanyakazi wake nyenzo ya kazi. Malalamiko ya aina hii hupelekwa Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007.

Mgogoro na duka au fundi una njia fupi zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na kuweka programu ni huduma. Mnunuzi humwandikia kwanza muuzaji notisi ya dai, akiambatanisha risiti na ujumbe wowote wa hitilafu ulioonekana. Muuzaji akikaa kimya, dai lisilozidi shilingi milioni 10 hufunguliwa chini ya utaratibu wa madai madogo, ambako wahusika hujieleza wenyewe bila mawakili.