Mali ya Mdaiwa Baada ya Hukumu

Mtu akisha kuhukumiwa kulipa deni, mara nyingi hofu humwingia, akadhani kwamba dalali wa mahakama atachukua hata sufuria iliyo jikoni. Huku Kimbiji twaulizwa neno hili na wavuvi na wakulima. Basi yafaa tujue sheria inavyosema.

Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, katika kifungu cha 48, imetenga vitu visivyokamatwa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, vyombo vya kazi vya fundi, kama randa na msumeno, na zana za mkulima. Tena nyumba akaayo mdaiwa pamoja na mkewe na watoto wamtegemeao haikamatwi, wala shamba ambalo riziki yake yote yatoka humo. Wasomao Kumbukumbu la Torati sura ya 24 watalikumbuka lile jiwe la kusagia lisilotwaliwa rehani. Shabaha ni ile ile. (Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake; mwenye shauri huko amwulize karani.)

Lakini twaonya: ulinzi huu si wa nyumba iliyowekwa rehani. Mtu aliyeitoa kwa benki kwa sahihi yake mwenyewe asishangae ikiuzwa. Ndiyo sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zataka ridhaa ya mke au mume kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Mama, usitie kidole gumba katika karatasi usiyosomewa.

Wako wengine ambao siku ya pili ya hukumu huwaandikia ndugu zao mashua na mbuzi. Hila hii ni mbaya, tena haina faida, kwa kuwa mahakama yaweza kuuchungua uuzaji wa namna hiyo na kuukataa. Ila kama kilichokamatwa ni mali halisi ya mwingine, kwa mfano cherehani aliyoinunua mke kwa fedha yake, mwenyewe na apeleke pingamizi mahakamani kabla ya mnada, pamoja na stakabadhi yake.

Iliyo bora ni kumwendea mdai na kupatana naye kulipa kwa mafungu. Mapatano hayo, na kila shilingi itolewayo nje ya mahakama, yaandikishwe mahakamani. Maana malipo yasiyoandikishwa hayahesabiwi na mahakama inayotekeleza hukumu, hata kama mdai aliyapokea mbele ya mashahidi.