Herufi kama dagaa

Swali: Mwanangu wa darasa la tano anaandika herufi ndogo, maneno yamebanana. Jirani anasema ni dalili ya uoga na uchoyo. Kweli?
Mama, Buswelu

Jibu: Hapana, mama. Jirani anafuata grafolojia, fani ya kusoma tabia kwa mwandiko, iliyopewa jina na padri Mfaransa, Jean-Hippolyte Michon, karne ya 19. Wafuasi wake husema herufi kubwa ni za mchangamfu, ndogo za mtu makini, nafasi pana za mpenda upweke. Watafiti walipoipima, haikuweza kutabiri tabia. (Mimi naandika herufi kama dagaa, na sijambo kwa kelele.)

Huenda mtoto anabania daftari lisiishe upesi. Mpime macho, tazama anavyoshika kalamu. Mwandiko wa kutiliwa shaka ni wa mtu mzima unaozidi kusinyaa: unaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa Parkinson.