Ushauri Mfupi Juu ya Unywaji wa Pombe: Somo kwa Vijana Wanaoelekea Chuo Kikuu

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba au Novemba, mabasi yaondokayo Sumbawanga huwachukua vijana waliofaulu kidato cha sita na kuwapeleka vyuo vikuu vya Mbeya, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko. Nyuma ya wengi wao yapo magunia ya mahindi, maharage au ulezi yaliyouzwa ili wapate nauli na vifaa. Makala hii yaeleza hatari moja inayowangoja huko, yaani unywaji wa pombe kupita kiasi, na njia moja ya kuipunguza ambayo imepimwa kisayansi. Njia hiyo ni mazungumzo ya dakika chache tu.

Pombe nyumbani na pombe chuoni

Katika uwanda wa juu wa Ufipa ulezi ulikuwa nafaka kuu kabla mahindi hayajaenea. Ulezi uliooteshwa huitwa kimea. Ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kisha hamira huigeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na kwa desturi pombe ilikuwa na siku yake: siku ya arusi, ya matambiko, au ya kuwashukuru majirani waliosaidia kulima. Wazee walikuwapo, na pombe ilipokwisha watu walirudi makwao.

Hatusemi kwamba pombe ya kijijini haina madhara; imevunja nyumba nyingi. Tunachosema ni kwamba ilikuwa na mipaka iliyowekwa na watu wengine. Chuoni mipaka hiyo haipo. Bia na pombe kali hupatikana kila siku, fedha ya matumizi i mfukoni, na mzee wa kumwambia kijana "sasa yatosha" hayupo. Hapo mwanafunzi hana budi kujiwekea mpaka mwenyewe, na hawezi kuuweka asipojua kupima.

Namna ya kupima

Uzito wa alkoholi katika kinywaji hupatikana kwa kanuni hii: ujazo kwa mililita, mara asilimia ya alkoholi, mara 0.79. Tarakimu 0.79 ni uzito wa mililita moja ya alkoholi kwa gramu. Kwa mfano, chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi. Na 25 × 0.79 ni gramu 20 hivi. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kipimo kimoja. Basi chupa moja ni vipimo viwili. Pombe ya kienyeji haina karatasi ya kueleza nguvu yake, lakini tukichukulia kwamba ni asilimia 4, lita moja itakuwa na gramu 32 hivi, yaani vipimo vitatu na zaidi.

Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa. Kahawa au kuoga maji baridi hakuharakishi kazi hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekunywa chupa tatu, yaani gramu 60, huhitaji saa 6 hadi 9 mwili wake kusafika. Kiasi hicho cha gramu 60 kwa mkao mmoja ndicho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa unywaji mzito. Madhara yake kwa vijana mara nyingi si ugonjwa wa ini, ambao huja baada ya miaka mingi, bali ajali, ugomvi, ngono isiyo na kinga na kukosa masomo.

Mtu wa namna hii huenda si mlevi sugu. Yuko katika unywaji wa hatari: mwili wake haujawa mtumwa wa pombe, na bado aweza kugeuka kwa hiari yake. Huyu ndiye ushauri mfupi umewekewa.

Watafiti waligundua nini

Mwaka 1977, huko London, Griffith Edwards na Jim Orford walitoa matokeo ya jaribio lililowashangaza madaktari. Wanaume 100 wenye ndoa waliokuwa na shida ya pombe waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa matibabu kamili kwa miezi kadhaa. Jingine lilipewa kikao kimoja cha ushauri. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo hayakuachana kwa kiasi cha maana.

Baadaye Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso la maswali 10, lililojaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, na kutolewa mwaka 1989. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 4, hivyo jumla haizidi 40. Alama 8 na kuendelea huonyesha unywaji wa hatari. Alama 20 na zaidi hudai uchunguzi wa daktari. Mwaka 1996 jaribio la shirika hilo katika nchi nane lilionyesha kwamba wanaume waliopewa ushauri walikunywa pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko wasiopewa, na kwamba dakika 5 zilifaa sawa na dakika 20.

Kwa wanafunzi, Alan Marlatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza mwaka 1998 matokeo ya kikao kimoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waliopewa kikao hicho walipata madhara machache kuliko wenzao hata baada ya miaka miwili. Hapa kwetu, watafiti katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi wameandaa ushauri wa Kiswahili uitwao "Punguza Pombe kwa Afya Yako", ambao muuguzi humpa majeruhi anayekunywa kwa hatari.

Mazungumzo yenyewe

Tutazame mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amejibu dodoso katika zahanati.

Mwanafunzi: Shikamoo, dada.

Mshauri: Marahaba, mdogo wangu. Majibu yako yamefikia alama 12. Waniruhusu tuyatazame pamoja?

Mwanafunzi: Ndiyo. Lakini mimi si mlevi. Wenzangu wote hunywa kunishinda.

Mshauri: Sikusema u mlevi. Alama hizi zasema uko mahali pa hatari. Na wengi hudhani wenzao hunywa kuliko ilivyo kweli, kwa kuwa anayekunywa huonekana na aliyelala bwenini haonekani. Pombe yakufaa kwa lipi?

Mwanafunzi: Hunichangamsha mbele za watu.

Mshauri: Na imekugharimu nini?

Mwanafunzi: Nimekosa jaribio moja. Na fedha ya chakula iliisha kabla ya mwezi. Mama aliuza maharage kunipatia fedha ile.

Mshauri: Sasa waonaje?

Mwanafunzi: Nipunguze. Nisizidishe chupa moja, tena Jumamosi tu.

Mshauri: Uamuzi ni wako. Njoo baada ya wiki nne tutazame imekuwaje.

Mwalimu na aone kwamba mshauri hakukaripia. Aliomba ruhusa, akatoa vipimo, akauliza faida kabla ya hasara, akamwacha kijana ataje sababu na mpango kwa kinywa chake. Anayekaripiwa hujitetea; na kila anapojitetea huzidi kuamini utetezi wake.

Mipaka ya njia hii

Ushauri mfupi si dawa ya kila jambo. Mapitio ya majaribio mengi yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha upungufu wa wastani wa gramu 20 kwa wiki, yaani chupa moja. Ni kidogo kwa mtu mmoja, lakini si kidogo kwa chuo chenye maelfu. Tena, mtu ambaye hutetemeka au hutoka jasho asipokunywa asiambiwe aache ghafla. Aweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali. Mwisho, sheria ya Tanzania yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Kwa mwanafunzi wa sekondari kipimo kilicho salama ni kutokunywa.

Maswali

1. Tafuta gramu za alkoholi katika chupa ya mililita 330 yenye asilimia 5.
2. Kwa nini watafiti waligawa makundi kwa bahati nasibu?
3. Eleza tofauti kati ya unywaji wa hatari na ulevi sugu.
4. Andika mazungumzo mafupi kati yako na rafiki anayekunywa kupita kiasi, bila neno moja la kukaripia.