Chembe za chuma dhidi ya bakteria

Swali: Je, ni kweli chembe za chuma huua bakteria kwenye kidonda?

Jibu: Ni kweli, ingawa kazi kubwa bado iko maabara. (Kutu ya msumari haimo!) Mwaka 2007 watafiti wa China, akiwemo Yan Xiyun, walionyesha kuwa chembe ndogo mno za oksidi ya chuma hutenda kama kimeng'enya.

Zikikutana na haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu jeupe ikigusa kidonda, huivunja na kuzalisha radikali kali zinazoharibu utando wa bakteria. Hivyo dawa kidogo hutosha. Ikizidi, huunguza nyama changa.

Chembe hizo huchangamka penye asidi, kama kwenye ukoga wa meno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamejaribu huko ferumoksitoli, dawa ya upungufu wa damu yenye chembe za aina hiyo.