Maegesho ya wenye ulemavu ni haki ya mja



Ndugu msomaji, wiki hii nimeona niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni dhambi. Ni nadra kulisikia katika khutba au darsa. Mimi mwenyewe ninayefundisha dini sikuujua uzito wake mpaka liliponisuta ndani ya darasa langu. Jambo lenyewe ni kuegesha gari mahali palipotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Jumatatu moja nilikuwa na kidato cha tatu, na mada ilikuwa dhulma na aina zake. Niliwaeleza maana ya ghasbu, yaani kuchukua au kuzuia haki ya mtu bila idhini yake. Nikawakumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim juu ya mtu aliyedhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri moja, kwamba Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka saba. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Ustadh, mtu akikalia nafasi ya mwenzake msikitini, mwenzake akakosa Ijumaa kwa sababu hiyo, dhambi ni ya nani?"

Nilijibu bila kusita. Nilisema kuwa aliyetoka nyumbani kwa nia ya kuswali kisha akazuiwa ana udhuru, na Allah (s.w.) anaijua nia yake. Dhambi ni ya aliyemzuia. Kijana akaandika jibu kwenye daftari. Kipindi kilipokwisha akanifuata nje, akaniambia kwa adabu huku ameinamisha macho: "Ustadh, Ijumaa iliyopita gari lako lilikuwa kwenye nafasi ya baba."

Nikakumbuka. Ijumaa ile nilichelewa kwa sababu ya foleni. Msikiti ninaoswali una nafasi mbili za maegesho kando ya njia ya mteremko, na chini pamechorwa alama ya kiti cha magurudumu. Moja ilikwishachukuliwa, nami nikaingiza gari katika ya pili. Mlinzi alinisogelea akasema, "Ustadh, hapo pa walemavu." Nikamjibu kuwa khatibu yuko juu ya mimbari na kwamba ni dakika chache tu. Akanyamaza. Angekuwa kijana mwingine asingenyamaza. Kanzu yangu na kofia yangu ndivyo vilivyomfunga mdomo. Baba wa mwanafunzi wangu alikuja akiendeshwa na mwanawe mkubwa. Wakazunguka mara mbili wakitafuta pa kusimama, wasipate, wakarudi. Mzee akaswali Adhuhuri nyumbani.

Jioni ya Jumatatu ile nilikwenda kwao. Nikamwamkia mzee, nikamweleza kuwa gari lile lilikuwa langu na kwamba nimekuja kuomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nimekusamehe Ustadh, na Mwenyezi Mungu atusamehe sote. Lakini mimi umenipata kwa sababu mwanangu unamfundisha. Je, ile ilikuwa mara yako ya kwanza kupaki pale?"

Haikuwa mara ya kwanza. Akaniuliza: "Sasa hao wengine utawapata wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwa nini nafasi ile ni pana

Mzee alinieleza pia jambo ambalo nilikuwa silijui. Wengi tunadhani nafasi ya mwenye ulemavu imewekwa karibu na mlango kwa ajili ya kumhurumia tu asiende mbali. Ukaribu ni sehemu ndogo ya sababu. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mlango wa gari ufunguke wote, kiti kiwekwe ubavuni, kisha ajihamishe kutoka kiti cha gari kwenda kiti chake. Ndiyo maana nafasi hizo huchorwa pana, na nyingine zina mistari ya mshazari pembeni. Nchini Uingereza, kwa mfano, eneo hilo la mistari hupimwa upana wa mita 1.2. Hapo si pa kuweka pikipiki. Ni pa kiti.

Akiegesha katika nafasi ya kawaida, anaweza kufanikiwa kushuka, lakini akirudi akakuta gari jingine limembana. Mlango haufunguki tena kiasi cha kumtosha. Atakaa juani mpaka mwenye gari lile atoke. Sisi tunaosema "dakika tano tu" hatujawahi kuzihesabu dakika hizo tukiwa upande wake.

Mwito wa adhana ni wetu sote

Tukiirejea Qur'an tunakuta Suratu Abasa (80) ikianza kwa kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), sahaba kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka mafundisho wakati Mtume alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Allah (s.w.) alimzindua Mtume wake kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Baadaye sahaba huyo alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume mjini Madina pamoja na Bilal (r.a.).

Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa kipofu mmoja alimwomba Mtume (s.a.w.) ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza mpaka msikitini. Mtume alimruhusu, kisha akamwita tena na kumuuliza kama huwa anaisikia adhana. Alipokiri kuwa anaisikia, Mtume akamtaka aitikie.

Wanachuoni wameizungumza hadithi hii kwa upana katika suala la hukumu ya swala ya jamaa na nyudhuru zake. Mimi nataka tulitazame jambo moja tu. Mtume (s.a.w.) hakutaka mtu huyu azoee kubaki nyumbani. Alimtaka msikitini. Sasa, ikiwa Mtume anamwita, sisi ni nani tunaoweka gari katikati ya mwito huo na yule anayeitwa?

Tena, imepokewa na Abu Daud kuwa mtu mmoja alikuja siku ya Ijumaa akiruka mabega ya watu wakati Mtume akikhutubu. Mtume alimwamuru akae chini, akamwambia kuwa amewaudhi watu. Yule alikuwa amechelewa akataka nafasi ya mbele. Mimi nami nilichelewa nikataka nafasi ya karibu. Tofauti ni kwamba yeye aliruka mabega ya watu waliokwishakaa, na mimi nilimzuia mtu asifike kabisa.

Kibali hakirithiwi wala hakiazimwi

Kisa hiki nilimsimulia kwa simu rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa anaishi London. Alinisikiliza, kisha akasema kuwa naye ana lake. Huko Uingereza mwenye ulemavu hupewa kibali kinachoitwa Blue Badge, ambacho huwekwa nyuma ya kioo cha mbele cha gari. Kinamwezesha kuegesha katika nafasi zilizotengwa, na mara nyingi hata mahali ambapo wengine hawaruhusiwi. Mama yake anacho kibali hicho kwa sababu ya maradhi ya miguu. Mwenzangu alizoea kukitumia akienda sokoni na hata msikitini, huku mama amebaki nyumbani. Akaniuliza: "Mama mwenyewe ameniruhusu. Kuna ubaya gani?"

Nilimjibu kwa kanuni aliyoieleza Imamu Al-Qarafi, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki aliyeishi Misri na kufariki mwaka 684 Hijria. Yeye alitofautisha kati ya mtu kumiliki manufaa ya kitu na mtu kuruhusiwa kunufaika yeye mwenyewe tu. Aliyepanga nyumba anamiliki manufaa yake kwa muda wa mkataba. Lakini mwanafunzi aliyepewa chumba katika madrasa ya wakfu ameruhusiwa kuishi humo yeye. Hawezi kukipangisha kwa mtu mwingine, kwa sababu chumba kimetolewa kwa ajili ya sifa aliyonayo.

Blue Badge ni ya aina hiyo ya pili. Sheria ya Uingereza inasema wazi kuwa kibali ni cha mtu, hakifuati gari, na hutumika pale tu mwenyewe anapokuwamo katika safari, awe dereva au abiria. Akifariki, kinarudishwa. Anayekitumia vibaya anaweza kutozwa faini inayofikia pauni 1,000. Kwa hiyo mama hawezi kumpa mwanawe kitu ambacho si chake kukigawa. Ruhusa ya mama katika jambo hili haina nguvu, hata kama radhi zake tunazitafuta katika mengine yote.

Ndugu zangu, tukumbuke pia kisa cha Al-Hasan bin Ali (r.a.) alipokuwa mtoto, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alichukua tende moja katika tende za sadaka akaitia mdomoni. Mtume (s.a.w.) alimtaka aitoe, akamkumbusha kuwa wao hawali sadaka. Ilikuwa tende moja, mdomoni mwa mtoto mdogo, naye ni mjukuu wa Mtume. Lakini ilikuwa na wenyewe. Kama ujukuu wa Mtume haukuihalalisha tende, basi ustadhi wangu, uheshimiwa wako, au ukubwa wa gari la yule vitahalalishaje nafasi ya mwenye ulemavu?

Tusigeuke mahakimu

Hata hivyo, nina tahadhari. Tusitoke hapa tukaanza kuwakodolea macho watu kila wanaposhuka kwenye gari. Si kila ulemavu unaonekana. Yupo mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu ambaye hatua ishirini zinammaliza. Yupo mzazi mwenye mtoto ambaye akili yake haitambui hatari ya barabara. Huko Uingereza, mwaka 2019, masharti ya kibali yalipanuliwa upande wa England ili yawaguse kwa uwazi zaidi wenye ulemavu usioonekana. Qur'an katika Suratul Hujurat (49:12) inatukataza dhana mbaya na upelelezi. Mtu mwenye kibali, au anayejijua kuwa ana haki, tumwache na Mola wake. Kazi ya kwanza ya kila mmoja wetu ni kujihukumu mwenyewe kabla ya kuzima gari.

Tufanye nini?

Kwa upande wa sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayogusa pia suala la kufikika kwa majengo na huduma. Lakini Muislamu hangoji askari.

Kamati za misikiti zinaweza kuanza na mambo manne. Kwanza, kuchora nafasi hizo karibu na njia ya mteremko, na kuziacha pana. Pili, kumpa mlinzi maagizo mbele ya jamaa nzima, ili asimwogope mtu kwa kanzu yake wala kwa cheo chake. Tatu, kuhakikisha viatu na pikipiki havizibi njia ya mteremko, kwa sababu nafasi ya gari bila njia ya kuingilia haimfikishi mtu popote. Nne, kuwauliza wenyewe. Tunajenga misikiti ya ghorofa na kuweka marumaru, lakini ni mara ngapi tumemwita muumini mwenye kiti cha magurudumu kwenye kikao tukamuuliza anakwama wapi?

Kwa kila mmoja wetu, tukumbuke masharti ya toba. Kwa dhambi baina ya mja na Mola wake wanachuoni wametaja matatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Inapokuwa ni haki ya mja linaongezeka la nne, nalo ni kuirudisha haki hiyo au kumwomba mwenyewe akusamehe. Katika hadithi ya mfilisi iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, kisha mema yake yakagawiwa wale aliowadhulumu mpaka yakamalizika. Na hapo ndipo ugumu wa maegesho ulipo. Aliyemwibia jirani anamjua jirani yake. Aliyekalia nafasi ya mwenye ulemavu hajui ni nani alizunguka mara mbili akarudi nyumbani.

Mimi sasa naacha gari mbali na kutembea. Nilikwenda pia kwa yule mlinzi, nikamwomba radhi kwa kumnyamazisha, nikamwambia kuwa siku nyingine akiniona pale anitoe. Mzee mmoja amenisamehe. Waliobaki siwajui majina wala sura zao, na sina njia ya kuwafikia isipokuwa hii.

Kwa hiyo, kama wewe unayesoma, au mzazi wako, au jirani yako, mliwahi kufika msikitini mkakuta nafasi yenu ina gari la mtu mwenye miguu miwili mizima, huenda lilikuwa langu. Naomba mnisamehe kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu.

Wabillahi Tawfiiq.