Shangazi, usiku silali

Mimi ni Mnyamwezi, nina miaka 39, nalima pamba hapa Igunga. Nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, nikanunua pikipiki. Mvua ikakata, pamba ikanyauka, pikipiki wameichukua na deni bado lipo. Mke amerudi kwao na watoto. Naamka saa tisa usiku mpaka kunakucha, chakula sikitaki, mtu akinisemesha nataka ugomvi. Mganga anataka mbuzi mweusi, mchungaji anasema imani yangu imepungua. Baba alinifundisha mwanaume hasemi shida zake. Kuna siku naona bora nisingekuwepo.
Mkulima, Igunga

Mwanangu, naanza na sentensi yako ya mwisho. Nakuuliza wazi: unafikiria kujiua? Kama ndiyo, leo usilale peke yako. Dawa ya kunyunyizia pamba iliyobaki nyumbani, mpe jirani akaifungie kwake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mimi naamini kinawaziba watu midomo pale wanapohitaji sana kusema. Lakini kuwaza si kosa, na kumweleza daktari si kosa.

Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, hasira zisizo na sababu: hali hiyo ikipita wiki mbili, daktari atakupima kama ni sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Wanaume wengi wakiupata hawalii. Wanagomba au wanakunywa, na ndugu zao wanadhani ni tabia mbaya. Nenda hospitali ya wilaya, au ile ya Nkinga. Ukipewa dawa, ujue huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, usizitupe siku ya tano.

Mchungaji wako nadhani anakutakia mema, ila mkumbushe kwamba Nkinga ni hospitali ya kanisa, la FPCT. Watu wa maombi hao hao ndio wanaoajiri madaktari. Na Elia, nabii mzima, aliomba afe jangwani chini ya mti. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Sali, mwanangu, endelea kusali, na ule. Tambiko la ukoo kama lina maana kwako sikukatazi, lakini usikope hata shilingi kwa ajili ya mbuzi wa mganga.

Kwa baba yako sikubaliani naye. Wazee wa Kinyamwezi walikuwa na pa kusemea. Karne ya 19 wapagazi wetu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, wakapita Ugogo na Uzaramo, na utani wetu na Wagogo na Wazaramo ulikomaa katika njia hiyo. Mtani huja msibani akakutukana mbele ya watu, akamcheka marehemu, kisha yeye huyo huyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuhakikisha umekula. Ana ruhusa ya kukuambia, na kuambiwa, yale ambayo kaka yako wa tumbo moja asingethubutu. Igunga iko kwenye barabara kuu ya Singida na Nzega, Mgogo hukosi hapo. Mtafute mtani unayemwamini, mweleze yote uliyoniandikia, kisha mwombe akusindikize hospitali. Akikutania njiani, mwache akutanie.

Deni lisubiri upate usingizi. Ukishaupata, chukua mkataba uende nao kwa afisa wa halmashauri anayesimamia wakopeshaji, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji hapaswi kufanya biashara hiyo bila leseni. Wakija kukutisha nyumbani usikutane nao peke yako.

Na mkeo umpigie simu ukishamwona daktari. Usianze na habari za pikipiki wala usimuulize atarudi lini. Mwambie unaumwa, na umeanza matibabu.