Somo kwa Makatibu: Kuchagua Njia ya Kuweka Nakala za Akiba

Ndugu Katibu,

Malipo ya ufuta wa mwanachama hutegemea kumbukumbu za chama. Zikiwa ndani ya kompyuta moja tu, kompyuta ikifa malipo huingia mashakani. Somo hili lahusu kompyuta itumiayo Linux.

Kwanza, jiulize: nini nachelea kupoteza?

(a) Mfumo wa kompyuta. Timeshift huurudisha ulivyokuwa kabla ya kuharibika. Lakini, isipoagizwa vingine, haihifadhi nyaraka zako. Usiitegemee kwa hesabu za chama.

(b) Nyaraka. Déjà Dup hutunza nakala za tarehe mbalimbali na huweza kuzifunga kwa neno la siri. Rsync hunakili yaliyobadilika tu, hivyo ni nyepesi. Bali ukinakili juu ya nakala ile ile, kosa la leo hufuta usahihi wa jana. Kila juma tumia folda mpya yenye tarehe.

Pili, diski ya akiba isilale chumba kimoja na kompyuta, kwani mwizi na moto havichagui. Chama cha Kiwangwa chaweza kuwa na diski mbili: moja ofisini, nyingine Chalinze mahali pa amani, zikibadilishana kila mwezi.

Tatu, nakala isiyojaribiwa haiaminiki.

Zoezi: Kabla ya mkutano ujao wa Halmashauri, rudisha faili moja kutoka kwenye diski, uilinganishe na stakabadhi za mizani. Zikitofautiana, tafuta sababu kabla msimu haujafunguliwa.